Vyura Hawalali Zizi Moja

Juzi kijana mmoja wa Mugumu kanitumia picha kwenye simu. Kioo kizuri, kile cha kufugia samaki, ndani kokoto, jani la plastiki, na vyura wa aina tatu wamekaa kama wanasubiri kupigwa picha ya pasipoti. Chini kaandika: "Mama Ghati, ona familia yangu."

Nikamjibu: "Mura, kijana wangu, hiyo siyo familia. Hicho ni chakula cha jioni na mlaji wake."

Kesho yake akaandika: "Mama, wamebaki aina mbili."

Sasa nimeona ni vizuri niseme mara moja, kwa wote, maana nyie vijana mmeona mtandaoni watu wanafuga vyura sebuleni na nyie mmeanza. Sikatazi. Mimi ni nani nikataze, wakati nimewalea vyura wa watu miaka mingi kwenye kambi moja ya watalii huku Natta, wageni wakija kuwatazama, mpaka kile chumba cha vyura kikageuzwa baa. Hapo ndipo nilipostaafu. Watu wananicheka, wanasema mstaafu lazima awe na mvi na mkongojo. Mimi nimestaafu na meno yangu yote, na simwazimi mtu.

Nianze kwa kuwaambia kwamba hii kazi haina heshima. Nilipoianza, kina mama wenzangu kanisani walinizunguka baada ya ibada, nyuso zimekunjamana kama nimefiwa.

"Mama Ghati, eti unalea vyura?"

"Nalea."

"Huogopi? Hayo si mambo ya waganga?"

Nikawaambia mume wangu anakoroma kuliko vyura wote wa Grumeti, na yeye huyo mliniambia nimvumilie mpaka kifo. Hawa wangu wakikoroma nafunga mlango naenda nyumbani. Wakacheka, na huyo mume akaja kusikia, lakini hayo ni ya ndani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Wambura, mtu wa hapa hapa Natta. Huyo alikua akichunga ng'ombe kwenye mabwawa, halafu ujanani akabebea watafiti mizigo, akakaa nao mpaka akawajua vyura kuliko wajomba zake. Siku ya kwanza nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba bila kunitazama, akanionyesha ndoo tatu.

"Humo kuna nini?"

"Vyura, mzee."

"Na humo?"

"Vyura."

"Na humo?"

Nikaanza kuona nategwa. "Vyura pia."

"Umekosa mara tatu," akasema. "Kiswahili kimewaonea hawa viumbe. Kimewapa jina moja tu, chura, basi kila mtu anadhani ni kitu kimoja. Nikikuambia nina 'wanyama' wawili, mmoja chui mmoja mbuzi, utawalaza pamoja?"

Nikasema hapana.

"Basi anza upya."

Nikaanza upya. Mimi nilikuwa nasoma masomo ya jioni pale Mugumu wakati huo, baada ya kuzaa watoto wote, na mwalimu wetu alikuwa ametufundisha neno amfibia. Nililitoa pale kwa mbwembwe. Mzee Wambura akasema, "Zuri. Na lenyewe linawajumlisha wote. Hebu tazama ndoo."

Basi na nyie tazameni ndoo. Kuna chura bonge. Huyo ni kama mkate wa kumimina wenye mdomo. Anakaa chini ya udongo kiangazi chote, mvua ikinyesha anatoka na njaa ya miezi, na kila kinachotingishika mbele yake na kinachoingia mdomoni ni chakula. Hata mdogo wake. Wetu tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu ya tumbo na kwa sababu hajibu maswali. Kuna chura wa vipele, mkavu mkavu, anapenda pakavu, anatembea kuliko kuruka. Kuna vile vidogo vya matete, vina rangi kama kitenge cha harusi, kimoja kinaenea kwenye ukucha wa dole gumba. Kuna chura wa kucha, huyo ni wa maji tu, kuanzia kuzaliwa mpaka kufa, anakula akitumia mikono kujisukumizia mdomoni kama mtu aliyefika msibani kachelewa. Na kuna chura wa povu, wa mitini. Mwembamba, mchana anakaa juani mpaka anakuwa mweupe kama chaki. Jua! Chura gani mwingine anaota jua? Umweke na wa matete, ukiwasha joto la huyu unamkausha yule, ukinyunyizia maji ya yule unamuozesha huyu. Hapo hata hawajagusana.

Na wakigusana ndiyo balaa. Jirani yangu aliyekuwa anakata nyasi pale kambini siku moja alitusaidia kuosha vioo. Kwa huruma zake akaona ndoo nyingi za nini, akamtia chura wa vipele pamoja na wa matete, maji kidogo, kifuniko juu. Tulipofunua, wale wadogo wamelegea kama mlenda. Jirani akaapa kwa mama yake: "Sijawagusa! Na yule mkubwa hajawauma, hana hata meno!"

Mzee Wambura akamwambia, "Hana haja ya meno. Ona hapo nyuma ya macho yake, hizo nundu. Ukimwudhi anatoa utomvu mweupe. Wenzake wanapumua kwa ngozi, wanakunywa kwa ngozi. Umewapikia supu ya sumu ukawafungia ndani waoge."

Kwa hiyo kila aina na kioo chake, na ndoo yake, na maji yake. Maji ya bomba yana dawa, yaacheni kwenye chombo wazi mpaka dawa iishe nguvu, au kingeni ya mvua. Mikono osheni kwa maji matupu, sabuni ikibaki kiganjani chura anainywa. Nyenje na kumbikumbi msiwape wakubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya chura mwenyewe. Na kila kioo kiwe na upawa wake wa kuchotea uchafu. Upawa usihame. Sisi tuliandika kwa rangi kwenye mpini. Kuna siku upawa wa Mwenyekiti ulipotea, tukautafuta mpaka tukachoka, mchana tukaukuta jikoni kwenye sufuria ya mchuzi wa wafanyakazi. Mpishi akatuuliza huo msalaba mwekundu kwenye mpini una maana gani. Mzee Wambura akasema, "Una maana mimi leo nala ugali na chumvi." Wengine walikuwa wameshakula. Hakuna aliyekufa, ila watu walinitazama vibaya mpaka mwisho wa mwezi.

Haya. Sasa niwaambie lililotokea, mjue sisemi kwa kusoma.

Mzee Wambura alikuwa na hamu moja. Wale vyura wa povu, kila mvua tuliwaona porini wamekusanyika juu ya tawi lililoinamia maji. Jike anapiga miguu kama mama anayepiga maziwa kwenye kibuyu, madume wanamsaidia, mpaka linatoka povu jeupe, kubwa kama ngumi ya mwanaume. Mayai yamo ndani. Linakauka nje, linabaki bichi ndani, linaning'inia siku kadhaa, halafu linayeyuka chini na viluwiluwi wanadondoka majini kama mvua. Porini tuliyaona. Ndani ya kioo chetu, hata mara moja. Mzee alijaribu kila kitu. Alinyunyizia maji, akabadilisha matawi, akawapigia hata mbinja. Hakuna.

Halafu akaugua. Figo, wakasema. Akatoka hospitali akarudishwa nyumbani kwake, hapo hapo Natta, alale. Na vyura wale, kama vile walikuwa wanamwonea aibu, wiki ile ile wakapiga povu.

Nilikwenda kumwambia. Alikuwa kitandani, amekonda, mkewe Mama Magori yuko pembeni anamlazimisha uji. Nilipomwambia, akaketi.

"Kubwa?"

"Kubwa, mzee."

"Tawi limeelekea maji?"

"Limeelekea."

Akasema, "Mama Ghati, wakianguka uniletee hata mmoja nimwone. Mimi kurudi kule sidhani."

Mama Magori akasema, "Kunywa uji, acha kuongea maneno ya kwenda." Lakini alinitazama mimi, na nikajua hajakosea sana mzee.

Kwa hiyo mjue, nilikuwa nalichungulia lile povu kuliko ninavyochungulia chungu cha maharage. Ikafika Ijumaa, bado. Sasa mimi nasali Jumamosi, na Jumamosi sifanyi kazi. Meneja alijua hilo tangu siku ananiajiri. Zamu ya Jumamosi nilimwachia Marwa, mlinzi, mtu wangu wa Tarime, mtu mwema, mkono mzito. Nikamwagiza: "Usiguse chochote. Tazama tu."

Ile asubuhi, mimi niko kanisani na gauni langu jeupe, simu inatetemeka kwenye pochi. Tulipopumzika kidogo kabla ya mahubiri nikatoka nje, nikafungua. Ni Marwa. Kapiga picha.

Kile kioo kikubwa kipya cha mapokezi, kilichokuwa kimekaa kitupu kikisubiri fundi, kimejaa. Maji nusu, mawe nusu. Na humo kuna Mwenyekiti, kuna wa vipele, kuna wa kucha, kuna wa matete, na katikati, kama ua la mezani, kuna tawi langu lenye povu.

Nikampigia.

"Marwa, umefanya nini?"

"Aa dada, wageni wanakuja saa sita, meneja kasema angependa wakute kioo kikubwa kina kitu. Nimewaunganisha. Kumependeza!"

"Nani kakuambia wanakaa pamoja?"

"Dada, kwetu mbuzi na kondoo wanalala zizi moja. Ng'ombe wa baba na wa baba mdogo, zizi moja. Hata ndama wa mahari akija, siku mbili anazoea. Chura ni chura."

Nikakata simu. Pembeni yangu alikuwa amesimama mzee wa kanisa, mtu mkali kwenye maandiko, tai imembana mpaka macho yametoka. Nikamwambia, "Mzee, Bwana alisema ng'ombe wako akitumbukia shimoni siku ya sabato utamtoa, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Wangu wametumbukia."

"Ng'ombe?"

"Vyura."

Akavuta pumzi. "Mama Ghati. Ng'ombe ameandikwa. Kondoo ameandikwa. Punda ameandikwa. Chura nimemsoma Kutoka, alikuwa pigo. Nimemsoma tena Ufunuo, alikuwa pepo."

"Sasa mzee, pigo la Mungu si mali ya Mungu? Tuliache lifie kwenye kioo?"

Akanitazama. Akatazama mlangoni kama mchungaji hasikii. Akasema, "Nenda. Ila mimi sijakutuma."

Nikapanda bodaboda na gauni langu jeupe na mwavuli wangu mweusi mapajani, mawingu yameshafunga upande wa Nyambureti. Njiani naomba. Siwafichi, sikuomba vizuri. Nilisema, Bwana, najua una mambo, lakini shikilia hilo povu.

Nafika, Marwa kasimama kando ya kioo kama bwana harusi.

"Ona dada walivyotulia."

"Wametulia kwa sababu wengine wako tumboni, Marwa! Hesabu wa matete!"

Akainama kuangalia. Pembeni mwa mdomo wa Mwenyekiti kulikuwa na mguu mmoja mdogo wa rangi ya machungwa, unatikisika. Halafu ukaingia. Mwenyekiti akafumba macho mawili pamoja, kama wanavyofanya wakimeza, na Marwa akasema kwa Kikurya neno ambalo siwezi kuliandika, na hasa siku ile.

Lakini macho yangu yalikuwa kwenye povu. Lilikuwa limelegea. Chini yake, kwenye maji, wale wa kucha walikuwa wamejipanga, nyuso juu, vidole vimenyooshwa. Tone la povu likashuka, ndani yake weusi mdogo unajikunja. Halikugusa maji. Lilidakwa.

Tawi Marwa alikuwa amelikita kwenye mawe, kulivuta ni kulitikisa, na kulitikisa ni kuwalisha wale. Beseni haliingii, mdomo wa kioo ni mwembamba. Nikafungua mwavuli nusu, nikaugeuza, nikausukuma chini ya tawi bila kugusa maji, mpini juu, nikasimama hivyo. Mara wageni wakaingia. Wazungu kadhaa na kofia zao, wananikuta mwanamke wa kanisani kashika mwavuli kichwa chini ndani ya kioo cha vyura, anatoa jasho. Wakaanza kupiga picha. Meneja akasema kwa sauti ndogo, "Mama Ghati, leo si ibada?"

"Ndiyo hii," nikamwambia. "Niletewe maji ya mvua."

Marwa akakimbia kwenye pipa, akarudi na beseni, na mimi nikawa nimeshaanza kusikia. Kwenye kitambaa cha mwavuli, tap, tap, tap. Povu likaachia kidogo kidogo, halafu likaja lote kama ugali uliotoka kwenye sufuria. Nikauvuta mwavuli taratibu, nikausafishia kwenye beseni. Maji yakachafuka kwa mikia.

Waliobaki kwenye kioo nikawatoa mmoja mmoja, kila mmoja kwenye ndoo yake. Wa matete, tuseme tu ndoo yao haikujaa. Wa vipele alikuwa ameloa na amekasirika, mgongo umetoa ule weupe. Wakubwa wa povu Marwa alikuwa amewatia humo pia, niliwakuta wamejibana juu kabisa ya kona, wamegeuka kahawia kwa hofu.

Nikadhani tumemaliza. Mzee Wambura alikuwa ameniambia zamani kwamba kinacholiwa unakiona, kinachoambukizwa hukioni, nami nilikuwa nimelichukulia kama msemo. Wiki chache baadaye wale wakubwa wa povu wakaanza kukaa vibaya, miguu nje, ngozi inabanduka vipande, hawaoti jua tena. Daktari wa mifugo akaja, mama mpole, akachukua ngozi kidogo akapeleka kupima. Akaja kutueleza kwamba ni fangasi ya ngozi. Wa kucha huwa wanaibeba wala hawaumwi nayo, wanakula na kuogelea kama kawaida, lakini maji waliyokaa ni hatari kwa wengine. Saa chache za kuogea maji yao zilitosha. Tulijaribu dawa. Mmoja mmoja, wakaisha. Marwa alikuwa anakuja kila asubuhi kuchungulia, na siku ya mwisho alichimba shimo mwenyewe nyuma ya jiko.

Daktari akauliza, "Na viluwiluwi?"

Nikamwambia hawakugusa maji ya kile kioo. Waliangukia kwenye mwavuli.

"Basi msiwarudishe kule. Wakae mbali, na vyombo vyao."

Mbali wapi? Tayari walikuwa mbali. Siku ile ile ya mwavuli, wageni walipoondoka, nilikuwa nimepanda bodaboda na beseni mapajani, namwambia dereva apite mashimo kwa heshima, nikawapeleka kwa Mzee Wambura. Mama Magori alipoona beseni akasema, "Wagonjwa wangu wamekuwa wangapi sasa?" Mzee akaomba niliweke pembeni ya kitanda. Akainama, akatazama muda mrefu. Mkewe akaleta taa, mchana, ili aone vizuri.

Wakabaki pale. Mama Magori alilalamika kila nilipokwenda. Beseni lake la kufulia nani atalilipa, chumba kinanuka bwawa, mume anaamka kuwatazama viluwiluwi lakini hawezi kuamka kwenda kuota jua. Lakini mchicha wa kuwachemshia alikuwa anachuma yeye, na siku moja nilimkuta anafukuza kuku mlangoni kwa kiatu.

Wakubwa walipoisha kambini, nilikwenda kumwambia mzee ukweli. Hakubaki hata mmoja. Hawa wa beseni ndio wote. Akasema, "Basi usinipe pole mimi. Wape nafasi hao." Akanituma nimwambie Marwa alete vijiti, avikite kwenye beseni, wapate pa kupandia miguu ikitoka.

Miguu ikatoka. Mikia ikapungua. Mvua zilikuwa zimeisha, na mzee alikuwa hawezi tena kuketi bila kushikwa. Asubuhi moja Mama Magori akanipigia simu, anafoka mpaka nikaiweka mbali na sikio.

"Njoo uchukue mifugo yako! Wamepanda ukutani! Mmoja yuko kwenye chandarua cha mume wangu na yeye kanikataza kumwondoa!"

Nikaenda. Mzee Wambura alikuwa amelala chali, hajitikisi, chandarua kimeshuka karibu na pua yake. Na kwenye chandarua, juu kidogo ya uso wake, kameshika kitambaa kwa vidole kama punje za mtama, kalikuwepo kamoja. Jua la dirishani lilikuwa limekafikia, na kalikuwa kanaanza kuwa keupe.

"Shikamoo mzee," nikanong'ona.

"Marahaba. Usifungue mlango zaidi," akasema, hata midomo haikusogea. "Unakaletea upepo."